Mwanga Ukishuka, Kazi Ndiyo Imeanza: Kutafuta na Kuthibitisha Sayari za Mbali Tukiwa Dodoma

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Ndugu walimu wa fizikia na hisabati, wanafunzi wa vyuo na wa kidato cha tano na sita, nanyi mliokuja kwa sababu tu mnaipenda anga: leo nazungumzia sayari zinazozunguka nyota nyingine, hasa zile zinazojulikana kwa sababu hupita kati yetu na nyota yake. Mwezi Septemba mwaka 2025 hesabu ya sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wa Jua ilivuka 6,000, na takribani robo tatu yake zimepatikana kwa njia hii. Nyuma ya kila moja iliyothibitishwa kuna orodha ya zilizokataliwa, na kazi ya kukataa ndiyo nitakayoizungumzia zaidi, kwa sababu ni kazi ambayo mtu mwenye darubini ndogo, akiwa Bahi au Kongwa, anaweza kuifanya vizuri kabisa.

Tuanze na kiasi cha mwanga. Mshtarii ikipita mbele ya Jua, mtazamaji wa mbali angeona Jua limepungua kwa asilimia 1. Kipenyo cha Mshtarii ni karibu sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha Jua, na kinachoziba mwanga ni eneo la duara, kwa hiyo unazidisha moja ya kumi kwa moja ya kumi, unapata moja ya mia. Kipenyo cha Dunia ni sehemu moja ya 109, na kipeo chake cha pili ni sehemu 84 katika milioni. Chukua mapato ya duka ya shilingi milioni moja kwa siku: Mshtarii inakata shilingi elfu kumi, na mwenye duka ataona. Dunia inakata shilingi themanini na nne. Kuona upungufu huo kunataka daftari safi sana, na hewa ya Dunia hairuhusu daftari safi namna hiyo. Ndiyo maana sayari ndogo hutafutwa na darubini zilizo angani, juu ya hewa.

Halafu kuna suala la mpangilio. Sayari nyingi hazipiti mbele ya nyota yake hata siku moja, kwa mtazamo wetu. Nafasi ya kupita unaipata kwa kugawa nusu ya kipenyo cha nyota kwa umbali wa sayari kutoka kwenye nyota hiyo. Kwa Dunia na Jua ni asilimia 0.47, yaani mtazamaji mmoja kati ya mia mbili hivi waliotawanyika angani. Kwa sayari kubwa iliyojibana karibu na nyota yake ni asilimia 10, na wakati mwingine 20. Darubini ya angani ya Kepler, iliyorushwa Machi 2009 ikiwa na tundu la mita 0.95, ilielekezwa kwenye kipande kimoja cha anga kwa miaka minne na kufuatilia zaidi ya nyota 150,000 kwa sababu hiyo hasa: ukiwa na nafasi ndogo, unahitaji nyota nyingi na subira. TESS, darubini nyingine ya angani iliyorushwa Aprili 2018, inafanya kwa njia nyingine. Ina kamera nne, kila moja inaona eneo la nyuzi 24 kwa nyuzi 24, na inakaa siku 27 hivi kwenye kila sekta kabla ya kuhamia nyingine. Inaona anga karibu yote, ila picha zake ni butu: pikseli moja ni sekunde 21 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja). Kwa Kepler ilikuwa sekunde 4 hivi. Kumbukeni namba hiyo ya 21, tutaihitaji.

Historia nitaipita haraka. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari ya 51 Pegasi, ambayo waliijua kwa kuyumba kwa nyota yake ikivutwa na sayari, na mwaka 2019 walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1999 sayari ya nyota HD 209458, iliyokuwa imeshajulikana kwa kuyumba vilevile, ilionekana ikipita na kuzima asilimia 1.5 ya mwanga. Mwaka 2003 ikaja OGLE-TR-56, ya kwanza ambayo kupita kulionekana kwanza, na kuyumba kukapimwa baadaye ili kuthibitisha. Tangu hapo utaratibu ni huo.

Sasa tuseme kompyuta imepekua data ya TESS. Inachofanya ni kujaribu vipindi maelfu kwa maelfu, na kwa kila kipindi inaikunja data, yaani inapandisha kila mzunguko juu ya mwingine, na kutafuta kipande chenye umbo la sanduku lililozama. Kipindi kikiwa sahihi, mizamo yote, yaani mishuko ya mwanga, inaangukia mahali pamoja, na kelele, yaani mitikisiko ya mwanga isiyo na mpangilio, zinapunguzana. Kepler iliweka sharti la mizamo isiyopungua mitatu, na nguvu ya dalili isiyo chini ya mara 7.1 ya kelele. Sharti hilo la 7.1 liliwekwa ili katika majaribio yote ya nyota zote, bahati nasibu peke yake isilete zaidi ya kengele moja ya uongo.

Angalieni maneno hayo: bahati nasibu peke yake. Sharti hilo halizuii kitu kingine halisi kinachofanana na sayari. Na vitu hivyo viko vingi.

Adui wa kwanza ni nyota pacha zinazozibana: nyota mbili zinazungukana, na kila mzunguko moja inapita mbele ya nyingine. Zikiwa peke yake ni rahisi kuzitambua, kwa sababu huzima mwanga mwingi, asilimia 20, 30, hata 50. Ugumu unakuja zikiwa nyuma kabisa, hafifu, na mwanga wake umeingia kwenye pikseli moja na nyota angavu iliyo mbele. Fanyeni hesabu. Magnitudi ni kipimo cha mwangaza wa nyota, namba ikipanda nyota ni hafifu zaidi, na magnitudi tano za tofauti ni sawa na kuzidiana mwanga mara 100. Nyota hafifu mara 100 ikizimika nusu, jumla ya mwanga inapungua kwa asilimia 0.5. Huo ni mzamo unaofanana kabisa na wa sayari yenye ukubwa wa Zohali au pungufu kidogo. Katika pikseli ya sekunde 21 za tao, tena kwenye uwanda wa Njia ya Maziwa ambako nyota zimesongamana, jambo hili hutokea mara kwa mara.

Adui wa pili ni nyota ndogo nyekundu inayozunguka nyota kubwa. Hapa maumbile yenyewe yanatutega. Mshtarii, vibete vya kahawia (vitu vyenye uzito kati ya sayari na nyota), na nyota nyekundu zilizo ndogo kuliko zote vina vipenyo vinavyokaribiana sana, wakati uzito wake unatofautiana mara themanini. Mvutano unavikandamiza kadiri uzito unavyoongezeka, kwa hiyo uzito unapanda na kipenyo kinabaki palepale. Grafu ya mwanga inakupa kipenyo tu. Mtu anayekuonyesha mzamo wa asilimia 1 na kukuambia amepata sayari, bila kupima uzito, bado ana vitu vitatu mkononi na hajui ni kipi.

Basi, kabla hujaomba hata dakika moja kwenye darubini kubwa, unaihoji data uliyonayo. Linganisha mizamo yenye namba witiri na yenye namba shufwa: ya kwanza, ya tatu, ya tano upande mmoja, ya pili, ya nne, ya sita upande wa pili. Kina kikitofautiana, una nyota pacha ambazo hazilingani, na kipindi cha kweli ni mara mbili ya ulichodhani. Angalia katikati ya mizunguko, kwenye nusu ya kipindi: ukiona mzamo mdogo wa pili, kitu kile kinatoa mwanga wake chenyewe. Sayari zenye joto kali sana nazo huonyesha mzamo huo, lakini ni mdogo mno, sehemu ya asilimia 0.1 au chini yake. Angalia umbo. Sayari ndogo mbele ya nyota kubwa huacha mzamo wenye sakafu, uliojipinda kidogo kwa sababu kingo za nyota ni hafifu kuliko katikati. Umbo la herufi V ni la kutilia shaka, maana mara nyingi ni nyota inayogusa nyingine pembeni. Si hukumu, kwani sayari nayo ikipita ukingoni hutoa V, lakini weka alama.

Angalia pia kitovu cha mwanga. Wakati wa mzamo, kitovu kikihama kuelekea upande mmoja, kinachozimika kiko upande wa pili. Na linganisha muda wa kupita na aina ya nyota. Dunia ingechukua saa 13 kupita mbele ya Jua. Sayari kubwa ya siku tatu huchukua saa tatu hivi. Ukipata kipindi cha siku tatu na mzamo wa saa tisa kwenye nyota inayosemekana ni ndogo, ama nyota siyo hiyo unayodhani ama imefura.

Hapo ndipo darubini ndogo inapoingia, na naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu watu wengi hukata tamaa mahali hapa bila sababu. Tuseme TESS imeona mzamo wa asilimia 0.1. Darubini ya sentimita 20 au 30 hapa Dodoma haiwezi kuuona mzamo huo kwa uhakika. Ni kweli. Lakini inaweza kutenganisha nyota ambazo TESS imezichanganya. Waliojipanga kufuatilia data za TESS hukagua kila nyota iliyo ndani ya dakika 2.5 za tao kutoka kwenye shabaha. Kwa kila jirani unauliza: ingepaswa kuzimika kiasi gani ili itoe mzamo ule? Jirani hafifu kwa magnitudi 5 ingepaswa kuzimika mara 100 zaidi, yaani asilimia 10. Hafifu kwa magnitudi 7.5 ingepaswa kuzimika yote kabisa, asilimia 100. Iliyo hafifu kuliko hapo haina uwezo, iondoe kwenye orodha. Kwa hiyo usiku huo, saa ileile iliyotabiriwa, unapima majirani. Mzamo wa asilimia 10 kwenye nyota ya magnitudi 15 unaonekana kwa sentimita 20. Ukiuona, umeokoa saa nyingi za darubini za mamilioni ya dola. Usipouona kwa jirani yeyote, umesafisha uwanja, na shabaha inabaki kuwa sayari tarajiwa yenye nguvu zaidi. Matokeo yote mawili yana thamani, na yote mawili yanaripotiwa.

Baada ya usafi huo ndipo wenye vifaa vikubwa huendelea. Wanachukua spektra chache kwanza, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa kwa rangi zake, kuona kama kuna seti mbili za mistari zinazopishana, dalili ya nyota pacha. Wanapiga picha kali kwa vioo vinavyosahihisha mtetemo wa hewa, kutafuta jirani aliye ndani ya sekunde moja ya tao. Kisha wanapima kuyumba kwa nyota kwa athari ya Doppler, yaani mistari ya spektra inavyohama nyota ikisogea kwetu au ikienda mbali. Mshtarii inalitikisa Jua kwa mita 12.5 kwa sekunde, Dunia kwa sentimita 9 tu. Spektrografu ya HARPS huko La Silla, Chile, inayofanya kazi tangu 2003, hufikia mita 1 kwa sekunde. Kuyumba kukilingana na kipindi cha mzamo, unapata uzito. Uzito na kipenyo vinakupa msongamano, na hapo unaweza kusema hii ni gesi, hii ni mwamba.

Chukueni nyota WASP-43 na sayari yake kama zoezi la darasani. Mzamo ni asilimia 2.5, kipeo cha pili cha uwiano wa vipenyo ni 0.025, kwa hiyo uwiano wenyewe ni 0.158. Nyota ina kipenyo cha 0.67 ya Jua, sayari basi ni 0.106 ya Jua, ambayo ni Mshtarii moja na chembe. Kipindi ni siku 0.8135. Kanuni ya tatu ya Kepler inatoa umbali wa 0.015 ya umbali wa Dunia na Jua, kilomita milioni 2.3 tu. Kuyumba ni karibu mita 550 kwa sekunde, uzito ni kama Mshtarii mbili. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kuandika hesabu hiyo yote kwenye ukurasa mmoja.

Kuna njia mbili nyingine. Sayari kadhaa zikizunguka nyota moja huvutana, na nyakati za kupita huwahi au kuchelewa. Kutokana na kupishana huko uzito unajulikana. Uzito wa sayari saba za TRAPPIST-1, nyota ndogo iliyo miaka 40 ya nuru kutoka hapa, umepimwa hivyo. Njia ya pili ni ya takwimu: unakokotoa uwezekano wa kila aina ya udanganyifu, na ukishuka chini ya asilimia 1, sayari inaitwa halali. Mwaka 2016 sayari 1,284 za Kepler zilihalalishwa kwa mpigo mmoja kwa njia hii. Naiheshimu, lakini naomba msiichanganye na kupima uzito. Mwaka 2022 Kepler-699 b, 840 b na 854 b, zilizokuwa zimehalalishwa, zilionekana kuwa kubwa mno kuwa sayari. Ni nyota ndogo. Kilichobadilika ni kipimo cha nyota zake mama, kwa data ya Gaia, darubini ya angani inayopima umbali wa nyota. Kipenyo cha sayari kinategemea kipenyo cha nyota: ukikosea nyota, umekosea sayari kwa uwiano uleule.

Sasa tushuke hapa kwetu. Dodoma iko nyuzi 6.2 kusini mwa ikweta na mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Novemba anga ni kavu. Tuko kwenye longitudo ya nyuzi 36 mashariki, na kati yetu na Australia sehemu kubwa ni bahari. Sayari ambayo kipindi chake kinakaribia siku kamili hupita usiku kwa watu wa longitudo moja kwa wiki nyingi, na kwa wengine mchana. Mwangalizi wa hapa anaziba pengo la kweli.

Ukaribu na ikweta una faida yake: tunaona karibu anga lote. Una na gharama. Stendi ya ikweta hutaka mhimili mmoja uelekezwe kwenye ncha ya anga, na ncha ya kusini kwetu iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, ndani ya vumbi, au nyuma ya kilima. Nyota ya kaskazini hatuioni kabisa. Stendi nyingi hazishuki chini ya nyuzi 10 au 15, na zinazoshuka, fimbo ya uzito hugonga mguu wa stendi. Ulizeni kipimo cha chini cha latitudo kabla ya kununua. Stendi isiyoshuka inaweza kusaidiwa kwa kuinua mguu mmoja kwa kabari imara, halafu mhimili urekebishwe kwa kuangalia nyota inavyoteleza, au kwa programu inayotambua eneo la anga kwenye picha. Usitegemee kuiona ncha kwa macho.

Vifaa vingine havitishi. Programu ya WASP ya kutafuta sayari ilitumia, huko Sutherland, Afrika Kusini, kamera nane zenye lenzi za milimita 200 na tundu la sentimita 11 kila moja, na ikapata sayari nyingi. Kwa kufuatilia sayari moja moja, darubini ya sentimita 20, kamera isiyo ya rangi yenye kupoza, na kichujio chekundu vinatosha. Umeme: kamera, stendi na kompyuta kwa pamoja hula karibu ampea 7 kwa volti 12. Saa saba ni ampea-saa 49. Betri ya sola ya ampea-saa 100 ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo ndiyo kiwango cha chini.

Utaratibu wa usiku uwe huu. Anza kupiga picha saa nzima kabla ya mzamo na endelea saa nzima baada yake. Wengi huwahi kufunga. Bila mwanga wa kawaida pande zote mbili, huna cha kulinganishia na kina unachopima hakina msingi. Picha ziwe za sekunde 30 hadi 120. Pikseli angavu kuliko zote ibaki kama nusu ya uwezo wa kamera. Kamera ya biti 16 hufika 65,535, lakini usizidi 40,000. Nyota ikiwa angavu sana, legeza fokasi kidogo ili mwanga uenee kwenye pikseli nyingi. Kisha funga fokasi hapo na usiiguse tena. Nyota ikae kwenye pikseli zilezile usiku kucha, isitembee zaidi ya chache.

Picha za giza, kifuniko kikiwa kimefungwa, ziwe 20 hadi 30 kwa muda uleule na jotoridi lilelile. Picha za mwanga sawa, yaani za uso ulioangazwa sawasawa, nazo 20 hadi 30. Vitabu vya Ulaya husema zipigwe jioni kwenye mwanga wa machweo, lakini kwetu giza huingia kwa kasi na dirisha hilo ni la dakika chache. Tumia bamba la taa lililofunikwa kitambaa cheupe. Na usizikwepe. Vumbi la Dodoma likitua kwenye kichujio hutoa pete za kivuli, na nyota ikiteleza kuingia kwenye pete utachora sayari ambayo haipo.

Kelele zinatoka wapi? Kwa sentimita 20 na nyota ya magnitudi 12.4 kama WASP-43, picha ya sekunde 60 hukusanya elektroni kama 65,000, na kipeuo chake cha pili, ukikigawa kwa elektroni hizo, kinakupa kelele ya asilimia 0.4. Kumetameta kwa hewa ni kama asilimia 0.1 kwa muda huo. Kwa nyota ya magnitudi 9, kumetameta ndiko kunatawala, na dawa yake ni picha ndefu zaidi au darubini pana zaidi. Hizo ni kelele za uungwana, hupungua ukijumlisha picha. Zinazodanganya ni zile zinazokwenda taratibu: moshi wa kuchoma majani na mashamba unaotanda mwezi Septemba, wingu jembamba lisiloonekana kwa macho, na nyota inayoshuka kuelekea upeo. Ndiyo maana unapima kwa kulinganisha na nyota tano hadi nane kwenye picha ileile, zenye mwanga na rangi inayokaribiana na shabaha. Rangi ni muhimu. WASP-43 ni nyekundu. Ukiilinganisha na nyota za buluu, hewa inavyozidi kuwa nene inakula buluu zaidi, na grafu yako inainama. Kila nyota ya kulinganishia ipimwe dhidi ya wenzake kwanza. Inayochezacheza, itoe. Programu ya kompyuta iitwayo AstroImageJ hufanya haya yote na ni ya bure.

Stendi nyingi za ikweta zinapaswa kugeuzwa nyota ikivuka katikati ya anga. Ukigeuza katikati ya mzamo, nyota inahamia pikseli nyingine na grafu inapata ngazi. WASP-43 mwanzoni mwa Mei hufika karibu na utosi saa mbili na robo usiku. Panga usiku ambao mzamo wote uko upande mmoja. Ikishindikana, geuza kabla au baada, na andika dakika uliyogeuza.

Kuhusu saa, hapa ndipo makosa mengi ya kwetu huzaliwa. Ratiba za mizamo hutolewa kwa saa ya dunia, UTC. Kumi na moja jioni ya UTC, yaani 17:00, ni 20:00 kwa Afrika Mashariki, nasi tunaiita saa mbili usiku. Mifumo mitatu ya saa kwenye kikundi kimoja ni njia ya uhakika ya kukosa tukio. Kwenye daftari andikeni UTC tu. Siku ya Julian, hesabu ya siku mfululizo wanayoitumia wanaanga, hubadilika saa 12:00 UTC, kwetu saa tisa alasiri, kwa hiyo usiku wetu wote unabaki ndani ya namba moja. Saa ya kompyuta isahihishwe kwa intaneti au kwa GPS usiku huohuo. Mwisho, badilisha nyakati ziwe za kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua, maana Dunia ikiwa upande huu au ule, mwanga huwahi au huchelewa hadi dakika 8.3.

Kwa nini dakika zina uzito? Kipindi cha WASP-43 kikikosewa kwa sekunde moja, mizunguko 449 ya mwaka mmoja inaleta kosa la dakika saba na nusu. Darubini ya James Webb hupangiwa saa zake mapema. Ikifika mzamo umepita, saa hizo zimepotea. Mradi wa ExoClock unaoandaa kazi ya Ariel, darubini ya angani ya Ulaya, na Exoplanet Watch wa NASA, hupokea vipimo vya watu wenye darubini ndogo kwa sababu hiyo.

Anayetaka pa kuanzia, msimu wa kiangazi unatosha. WASP-43 jioni za Mei. HD 189733, yenye mzamo wa asilimia 2.4, kuanzia Julai hadi Septemba. Ni angavu, legeza fokasi, na kumbuka ina jirani sekunde 11 za tao tu. WASP-18 kuanzia Septemba, mzamo wa asilimia 1, kipindi cha siku 0.94.

Na iko ya kwetu. Mwaka 2019, nchi zaidi ya 100 zilipewa kila moja nyota na sayari ya kuipa jina, Tanzania iliipa WASP-71 jina la Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Iko kwenye kundi la Nyangumi, na mwezi Oktoba hupita karibu na utosi wetu katikati ya usiku. Ni ngumu. Sayari yenyewe ni kubwa kuliko Mshtarii, lakini nyota imefura hadi zaidi ya mara mbili ya Jua, kwa hiyo mzamo haufiki hata nusu ya asilimia 1, na unachukua karibu saa tano. Ukiongeza saa moja kila upande ni saa saba mfululizo. Kipindi ni siku 2.9037, maana yake kila baada ya siku tatu mzamo huwahi kwa saa 2 na dakika 19 hivi, na mpangilio hujirudia baada ya siku 29. Kila mwezi utapata siku mbili au tatu tu ambazo tukio lote linaangukia usiku wetu, na baada ya katikati ya Novemba mawingu yanaingia. Fotoni zitatosha: kwa magnitudi 10.5 kelele ni kama asilimia 0.2 kwa picha, na picha ni mamia. Kitakachoamua ni nyota za kulinganishia, picha za mwanga sawa, na stendi kutogeuzwa katikati. Vikundi viwili, kimoja Dodoma mjini na kingine Manyoni au Kondoa, vikipima usiku uleule kwa darubini tofauti, wingu la mmoja halitakuwa wingu la mwingine, na mzamo ukionekana kwenye grafu zote mbili kwa dakika zilezile, kipimo hicho kinafaa kutumwa.